Cibalonza, Tulipeleka Ndama Bukavu

Cibalonza rafiki yangu,

Usishituke kuona mwandiko huu. Ni mimi, Nabintu, jirani yako, mwanafunzi wako mwenye kichwa nguvu. Najua ungekuwa hapa ungesema, "Nabintu, herufi zako zinapanda mulima," na kweli zinapanda, juu meza ya Papa Birindwa iko na muguu mumoja mufupi, na tangu mvua zianze huyu mume wangu anasema ataitengeneza kesho. Vumilia tu. Kazi ni yako, ulinifundisha mwenyewe.

Mara nyingi nilitaka kukuandikia. Naketi, naandika jina lako, machozi yanaanza, karatasi inaloa, na karatasi siku hizi iko bei kali, haifai kuiloweshea bure. Lakini leo asubuhi niliamka nikiimba. Papa Birindwa akaniangalia, akauliza kama nimeshaonja pombe kabla ya jua. Nikamwambia hapana, leo namuandikia Cibalonza. Akaniletea kiti, mutu ambaye hajawahi kuniletea kiti tangu tuoane. Basi ngoja niandike haraka kabla hajajuta.

Naanza na ya nyumbani, ndiyo ungeuliza kwanza. Furaha, binti yako, amejifungua kule Minova. Mutoto mwanamuke, munene, na wamemupa jina lako. Aliyetuletea habari alisema mutoto akilia anasikika mupaka sokoni kando ya ziwa. Nikamwambia hakuna ajabu hapo, ni Cibalonza yule yule. Nyumba yako imefungwa vizuri. Kila siku ya posho, juma likiisha, tukishamaliza salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, napita kwako na jembe langu na ufagio, nasafisha kiwanja. Migomba yako ya nyuma ilizaa sana mwaka huu. Niliikata, nikatengeneza kasiksi, pombe nzuri ya ndizi kama ile uliyokuwa unaipenda, nusu nikauza. Usiulize nusu ya pili ilikwenda wapi.

Koko Nsimire anakusalimia. Huyo bibi, ee! Toka ulipomufundisha kusoma hatuna amani. Padri alimupa asome siku ya Mungu kanisani. Akasoma vizuri, polepole, watu wote kimya, mimi mwenyewe machozi karibu. Lakini alipofika mwisho hakusimama. Aligeuza ukurasa, akaendelea na somo la juma linalofuata. Padri ameketi, anangoja. Sisi tumeshika midomo. Alipomaliza yote akatuangalia, akafunga kitabu yeye mwenyewe, akarudi kwenye benchi lake kwa raha zake. Kisha misa nilimuuliza, Koko, mbona ulipitiliza? Akasema, "Nilingoja miaka yangu yote, weye unataka nisome nusu?"

Sasa habari yenyewe. Masomo yetu ya wakubwa, sisi watu wazima, hayakufa. Nakuambia mapema ili usome mengine bila hofu, juu yalikaribia kufa, na sisi tulikuwa tunaangalia tu.

Kisha kukuzika, siku ya ine ya juma, siku yetu ya masomo, ilipofika, tulikuja kama kawaida tukitoka shambani. Tukaketi kwa mabenchi, tukaangalia tablo. Ulikuwa umeandika "maharagi yameiva" kwa ule mwandiko wako uliosimama wima, na hakuna aliyekuwa na mukono wa kufuta. Koko Nsimire akasema tuombe. Tukaomba, tukaenda nyumbani. Siku ya ine iliyofuata ikawa vile vile. Nakuambia ukweli, nilikuwa na hasira na wewe. Nani anakufa katikati ya masomo? Homa ya siku chache tu, ata haukutupa nafasi ya kukubembeleza ubaki! Nilikuwa natembea njiani naongea peke yangu, watu wananipisha.

Halafu animatere akafika na pikipiki kutoka Bukavu, kutoka ile biro inayosimamia masomo ya wakubwa vijijini. Unamukumbuka, yule kijana wa abakosi ya kijani, ile suti isiyo na tai, uliyekuwa unamupa mihogo ya kuchoma mupaka anasahau kukagua. Hakumutukana mutu. Aliongea macho chini. Alisema prime ya monitrise, zile feza kidogo ulizokuwa unapata kwa kutufundisha, ilikuwa kwa jina lako. Sasa jina lako halipo, dosye, ile faili yetu, imefungwa, na kilima kisicho na monitrise biro haiwezi kukisaidia. Feza ni kidogo, vilima vinavyoomba ni vingi. Mwisho wa mwezi kamyo itapita kuchukua tablo, mabenchi na mabuku, vipelekwe kwa wengine. Nilimupa mihogo. Hakula.

Cibalonza, siku ya mazishi yako nililia kama watu wote wanavyolia. Lakini siku ile ya animatere nilikaa chini palepale kwenye udongo, mimi mutu muzima, na kikwembe changu kipya. Niliona wanakuchukua mara ya pili. Tungebaki na nini? Ningerudi kuwa yule Nabintu anayepeleka karatasi ya dispensari kwa jirani ili asomewe ugonjwa wake mwenyewe mbele ya watu? Nilikataa. Nilisema kwa sauti, hapana, na Koko Nsimire akasema hapana, na tukabaki tunasema hapana bila kujua tufanye nini.

Ndipo mumoja wetu akakumbuka ndama.

Sasa lazima nikukumbushe Chaki, mama yake, alivyofika kwetu, juu bila yeye hakuna habari ya kuandika. Ule mwaka biro ilitupa feza zote mara moja, za taa, za chaki, za makaratasi, ikasema tusingoje zingine haraka. Na feza ya Zaïre unaijua. Siku ya posho inanunua kilo ya sukari, siku ya kwanza ya juma inanunua harufu. Sisi tulitaka taa. Wewe ukashuka soko la Mugogo na zile feza, jioni tukakuona unapanda kilima unavuta ng'ombe. Hee! Tulipiga kelele. Nilikuwa wa kwanza kusema Cibalonza ameshikwa na wazimu, ametumwa taa ameleta pembe. Ulikuwa umechoka, matope mupaka magoti, ukasema tu, "Feza ingeisha mbele ya Noeli. Huyu atazaa." Na ukaenda kuomba animatere aipelekee biro habari kwamba feza imetumika kwa vifaa vya masomo.

Na ng'ombe akawa kifaa kweli. Tulimuita Chaki juu maziwa yake ndiyo yalinunua chaki. Samadi yake ilikwenda kwa shamba letu la pamoja, na maharagi ya shamba lile yakanunua makaratasi na kalamu. Shida moja tu, kwetu mwanamuke hakamui ng'ombe, ata awe wake, na masomo yetu yalikuwa karibu yote wanawake. Basi Papa Birindwa wangu akawekwa kukamua. Kila siku ya ine alikuwa anasimama mulangoni na kibuyu chake, anasema anangoja tu maziwa yapoe. Maziwa yalikuwa yanapoa saa nzima, na midomo yake inasoma pamoja na sisi. Uliona, nami niliona, tulicheka mupaka mbavu zikauma.

Kwa hiyo, ndama. Chaki alikuwa anazaa madume tu, halafu akazaa jike, ulimuona mwenyewe kabla ya homa, na sasa alikuwa ameacha kunyonya. Mumoja akasema tumuuze, tumulipe mwalimu kutoka Walungu aje kutufundisha mupaka feza iishe. Wote tukakubali. Nami nilikubali, tena kwa sauti. Tulikuwa tumeshaanza kubishana nani atamupeleka sokoni, Papa Birindwa akasema kutoka mulangoni, na kibuyu mukononi, "Ndama wa nani munauza?"

Tukasema wetu. Akauliza nani alitoa feza ya mama yake. Tukasema biro. Akaweka kibuyu chini. Unajua huyu mutu haongei, akiongea ni kama amekodi mudomo kwa siku moja anataka autumie wote. Akasema, "Basi huyo ni ng'ombe wa bugabire, na nyinyi ni watoto wadogo kwa kusahau." Akatusomea desturi pale pale, kana kwamba hatukuzaliwa hapa kwetu Bushi. Mukubwa anakupa ng'ombe. Maziwa yako, samadi yako. Lakini ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, unamupelekea mwenyewe kwa miguu yako, pamoja na pombe. Wewe ni mutu wake, na yeye ni mukubwa wako, na ukifikwa na shida hawezi kukuacha. "Sasa nyinyi," akasema, "mumekunywa maziwa ya biro miaka hii yote. Mumepeleka nini Bukavu? Ata kibuyu kimoja cha kasiksi! Halafu munashangaa wanawaacha."

Cibalonza! Tuliangaliana, na kila mutu aliona aibu. Ilikuwa wazi kabisa! Biro imekasirika. Dosye, prime, jina, hayo yote ni maneno ya wakubwa ya kuficha hasira, wamengoja ndama hawakumuona. Ningekuwa na wewe ungetuambia biro haijui bugabire, biro inajua karatasi. Lakini haukuwepo, na sisi tuliamini mupaka mwisho, na leo ninashukuru Mungu kwamba hakukuwa na mutu mwenye akili karibu.

Tulitengeneza kasiksi ya heshima, ile ya kuangalia ndani na kujiona uso. Tukatoka asubuhi, mimi, Koko Nsimire aliyekataa kubaki, na Papa Birindwa anamuvuta ndama. Tulilala Nyantende kwa shangazi yake, siku ya pili tukaingia mjini kwa upande wa Panzi. Watu wa mji wametoka nje kutuangalia. Mujinga mumoja akauliza kama tunapeleka ndama kanisani kubatizwa. Koko akamwambia, "Njoo tukubatize weye kwanza, unanuka." Mimi nilikuwa naangalia ziwa. Kila nikifika Bukavu naona lile ziwa nasahau miguu inauma.

Biro iko Ibanda, nyumba ya zamani yenye maua mengi mbele. Zamu wa mulango alituona, akashika kichwa. Akasema wanyama hawaingii. Papa Birindwa akamwambia huyu si munyama, huyu ni wa mukubwa wako. Wakati wanabishana ndama akaingia mwenyewe, akaanza kula maua. Zamu akapiga kelele, madirisha yakafunguka, wasichana wa mashini ya kuandika wakatoa vichwa, wanacheka. Nilitamani ardhi inifunike. Ndipo akatoka Direktere mwenyewe, mutu mukubwa wa mwili, abakosi nyeusi, miwani, anauliza kwa Kifaransa hii ni nini.

Papa Birindwa akavua kofia, akapiga makofi polepole jinsi tunavyosalimia mukubwa. Koko akapiga magoti na mifupa yake yote inayouma. Na mimi, juu walikuwa wamesema mimi ndiye mwenye mudomo, nikaongea. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno njia nzima na yote yakakimbia. Nilisema tu, "Mukubwa wetu, ulitupa ng'ombe, tumekunywa, amezaa. Ndama wako huyu. Tulichelewa, utusamehe. Cibalonza wetu amekufa. Usituache."

Sauti ilinikatika hapo kwa jina lako. Sikujua kama ingekatika.

Direktere akatuangalia mumoja mumoja. Akasema kwa adabu, jinsi serikali inavyotaka tuitane, "Mama sitwayen, biro haikutoa ng'ombe. Biro ilitoa kredi ya vifaa." Nikamwambia ndiyo, na kredi imezaa. Msichana mumoja dirishani akacheka kwa nguvu, halafu wote wakacheka, ata zamu. Direktere hakucheka. Alivua miwani. Akamuuliza Papa Birindwa kwa Mashi, luga yetu, yeye ni mutoto wa nani, wa kilima gani, na ng'ombe mama anaitwa nani. Kumbe ni mutu wetu, wa upande wa Kabare! Akasema baba yake alikuwa na ng'ombe wa bugabire kwa miaka mingi, na yeye, Direktere huyo na miwani yake, alikuwa amekunywa maziwa yale mupaka akaenda shule. Alisema hayo taratibu, akiangalia ndama, sisi kama hatupo.

Kisha akaenda kwenye maua, akaweka mukono juu ya mugongo wa ndama. Papa Birindwa alinikanyaga muguu. Koko akamupa kibuyu na murija. Na mutu yule akanywa, mbele ya wafanyakazi wake wote, saa za kazi. Cibalonza, unajua maana yake. Akishakunywa ametukubali, na hakuna dosye inayoweza kufunga hiyo.

Akajifuta mudomo, akasema, "Sasa mumenifunga. Nitaandika nini kwa raporo, ile ripoti ninayopelekea wakubwa wa Kinshasa?" Nikamwambia aandike ng'ombe amezaa. Hapo ndipo alicheka, akacheka mupaka akashika ukuta. Akasema ndama akiwa wake basi jina anatoa yeye, na jina ni Raporo. Hivyo ndivyo mutoto wa Chaki anavyoitwa leo, na watu wa kilimani wanadhani ni jina la babu fulani.

Halafu akatuingiza ndani, tukaketi kwenye viti, Koko akakataa kutoka kwa kile chenye magurudumu. Direktere akasema mambo kwa uwazi. Prime haiwezi kulipwa kwa mutu asiyefundishwa kuwa monitrise. Lakini kama mumoja wetu anaweza kusoma vizuri, aje Bukavu kwa majuma ya mafunzo, na kilima chetu kibaki, tablo ibaki. Akauliza nani. Nikaangalia Koko. Koko akaangalia dari. Papa Birindwa akasema, "Huyu mwanamuke anasema toka asubuhi mupaka jua linazama, ni afadhali muulipe mudomo huo." Ndiyo namna nilivyochaguliwa, rafiki yangu. Sikuchaguliwa na malaika.

Na ndama? Hapo ndipo nilimuheshimu yule mutu. Alisema kilima cha ng'ambo ya muto wetu kinaomba masomo toka zamani, kila mara anawajibu hakuna kredi, na kweli hakuna. "Lakini leo niko na ng'ombe," akasema. Akawapa Raporo, bugabire, na akatuweka sisi tuwe mashahidi. Wamuchunge, wanywe, walime shamba la masomo kwa samadi yake, na ndama jike wa kwanza arudi kwa biro ili aende kwa kilima kingine. Animatere wako wa mihogo alikuwa amesimama kona, anaandika haraka haraka. Alipomaliza akaniuliza kama mihogo iko. Nikajua tumepona.

Unajua ile kamyo iliyokuwa ije kuchukua tablo? Ilikuja. Ilikuja mwisho wa mwezi kweli, lakini nyuma yake amesimama Raporo, anaangalia watu kama mke wa komisere, na mabuku mapya chini ya miguu yake. Aliteremka mjini kwa miguu, akarudi na kamyo. Mimi miaka yangu yote sijapanda kamyo ya serikali bure.

Mafunzo nilifanya. Nililala Kadutu kwa binamu yangu, watu wengi katika chumba kimoja, na mufereji unaotoa maji ukipenda. Siku ya kwanza waliniita kwa tablo niandike, nikaminya, chaki ikavunjika vipande. Nikacheka peke yangu, wakaniona mujinga. Lakini nilikuwa nimesikia sauti yako ya ile siku ya kwanza kabisa kule kwetu, nilipovunja chaki zako tatu mufululizo na wewe unaokota vipande, "Polepole, Nabintu, tablo si shamba." Wenzangu mafunzoni walikuwa vijana wa shule. Hawakuniudhi, waliniita Maman, na wao walinisaidia na Kifaransa, mimi nikawapikia sombe. Siku ya mwisho Direktere akanipa karatasi yenye muhuri. Papa Birindwa ameitundika ukutani, juu ya picha ya harusi.

Usidhani mambo yamekuwa laini. Prime yangu inafika ikitaka, na ikifika imeshakonda. Nyumba ya masomo inavuja kona ya Koko, na Koko hataki kuhama kona. Lakini chaki iko, maharagi yako, maziwa yako. Papa Birindwa ameacha kusimama mulangoni. Siku moja aliingia, akaketi benchi la nyuma, akasema muguu unamuuma. Sasa muguu unamuuma kila siku ya ine, na ameshafika kwa maneno marefu. Wanaume wengine wawili nao miguu imeanza kuwauma. Sisemi kitu.

Tablo niliifuta, Cibalonza. Nilisoma maharagi yameiva mara ya mwisho, wote wakasoma nyuma yangu, nikafuta. Halafu nikaandika kitu kingine, juu watu walikuwa wametoka shambani na walikuwa wanangoja.

Na jana. Jana ndiyo sababu ya wimbo wa asubuhi.

Jana nilikwenda mara ya kwanza kufundisha kule ng'ambo ya muto, kwa watu wa Raporo. Nilivaa kikwembe kizuri. Njia iko mbaya, nilianguka mara moja, sikusema kwa mutu. Nikajiuliza nitawaambia nini watu wazima wale, mimi niliyeanza kusoma na mvi kichwani. Nilipopanda kona ya mwisho niliwaona, wamesimama nje ya nyumba waliyojenga wenyewe, wanawake na wanaume wachache, wamevaa nguo za misa. Hawa hawakukujua. Wengine hawajawahi kusikia jina lako. Mwanamuke mumoja akaniona, akaruka, akaita kwa sauti yote, "Monitrise amefika!"

Na mimi nikageuka nyuma kukutafuta.

Njia ilikuwa tupu. Nilisimama pale kidogo na kitambaa machoni, wao wananingoja, hawakujua nangoja nani. Halafu nikawageukia, nikaitika, nikaenda kuwasalimia kwa mukono mumoja mumoja.

Basi rafiki yangu, karatasi inaisha na Papa Birindwa anazunguka zunguka, anataka kiti chake. Lala kwa amani pale tulipokulaza, usiwe na wasiwasi na sisi, na mwombee huyo mutoto wa Minova sauti ipungue kidogo. Nakuahidi kile kilima nitakipanda kila juma, mvua, jua, prime au bila prime. Na wakiniita tena monitrise nitaitika papo hapo. Usinikasirikie, Cibalonza. Sitageuka tena.

Mimi wako,
Nabintu